Kipimajoto Hakisikii Baridi: Je, Fizikia Ipanue Mipaka Yake?

Tumbukiza kipimajoto kwenye ndoo ya maji yenye barafu, kisha tumbukiza na mkono wako humo humo. Zebaki itashuka hadi sufuri itulie. Mkono utaanza kuuma, vidole vitakufa ganzi, na baada ya muda si mrefu utakuwa umeuchomoa. Maji ni yale yale, ila kipimajoto kimeipima baridi na wewe umeisikia.

Kiswahili kina bahati ya kuwa na kitenzi hiki. Tunasikia sauti, na pia tunasikia harufu, njaa, maumivu, uchungu na raha. Neno moja linakusanya karibu yote yanayompata mtu kwa ndani. Nalitanguliza kwa sababu ukiushika mjadala huu kwa maneno mawili, kupima na kusikia, sehemu kubwa ya utata inafumuka yenyewe.

Utata wenyewe tunakutana nao kila mara. Mmoja anasambaza video inayodai kwamba fizikia ya kwanta, ile ya chembe ndogo kabisa, imethibitisha kuwa mawazo yako ndiyo yanayoumba ulimwengu. Mwingine anauliza kwa nini wanafizikia hawachunguzi watu wanaoota jambo kabla halijatokea, au mianga ya ajabu ambayo marubani wa kijeshi huiona angani. Wa tatu anajibu kwamba yote hayo ni upuuzi, basi. Katikati ya kelele hizo limekaa swali linalostahili heshima: je, fizikia ipanue wigo wake ili ibebe fahamu na mambo yasiyoelezeka?

Mimi naona hapo kuna maswali mawili yaliyofungwa fundo moja. Mambo yasiyoelezeka hayahitaji kufunguliwa mlango mpya, kwa kuwa yamekuwa yakiingia katika fizikia tangu zamani kupitia mlango ule ule wa kila kitu. Fahamu ni kesi nyingine, na ugumu wake una historia yake.

Tuanze na maneno. Wengi huidhania fizikia kuwa orodha ya vitu: nyota, umeme, sumaku, atomu. Afadhali kuielewa kama namna ya kuuliza. Unatafuta kitu kinachopimika, unasema kwa namba jinsi kinavyohusiana na kingine, na unasema kwa uwazi kiasi kwamba mtu asiyekupenda anaweza kurudia kazi yako akaonyesha ulipokosea. Kwa maana hiyo fizikia haina uzio wa mada. Chochote kinachosukuma, kinachovuta, kinachopasha joto au kinachoacha alama kwenye kipimo kinaruhusiwa kuingia.

Fahamu ina maana tatu katika mazungumzo ya kawaida. “Amepoteza fahamu” ni habari ya kuwa macho au kuzimia. “Nalifahamu somo hili” ni habari ya kuelewa. Ya tatu ni ule usikiaji wenyewe, yaani kwamba kuna namna fulani ilivyo kuwa wewe ukiwa na mkono ndani ya maji ya barafu. Ugomvi mkubwa uko kwenye maana hii ya tatu.

“Jambo lisiloelezeka” nalo lina sura mbili ambazo huchanganywa bila uangalifu. Kuna jambo ambalo hakuna anayebisha kwamba linatokea, ila sababu haijulikani. Na kuna jambo ambalo bado halijathibitika kwamba linatokea. Mfano wa kwanza uko kwenye galaksi: nyota za pembezoni huzunguka kwa kasi kubwa kuliko inavyowezekana kwa maada tunayoiona. Wanafizikia walikiri hivyo na kukipa kisichojulikana jina, maada giza. Leo hesabu zao zinasema maada ya kawaida, ile iliyotengeneza nyota, bahari na miili yetu, ni takriban asilimia 5 tu ya ulimwengu. Maada giza ni kama asilimia 27, na nishati giza, jina la kisichojulikana kinachoharakisha kutanuka kwa ulimwengu, asilimia 68. Sayansi inayodaiwa kuyaogopa yasiyoelezeka inafundisha darasani kwamba sehemu kubwa ya ulimwengu bado haijaelezeka.

Mawe ya angani na miale isiyokuwapo

Mwaka 1768 jiwe lilianguka karibu na Lucé, Ufaransa, na watu waliokuwa shambani walisema limetoka angani. Chuo cha Sayansi cha Paris kiliwapa kazi wataalamu watatu, mmoja wao Lavoisier, ambaye baadaye aliiweka kemia kwenye misingi yake ya kisasa. Walilichambua wakaamua kuwa ni jiwe la ardhini lililopigwa na radi. Walikosea. Mwaka 1794 Mjerumani Ernst Chladni alitetea kwa maandishi kwamba mawe kweli hutoka nje ya dunia, na wengi hawakumwamini. Kisha tarehe 26 Aprili 1803 maelfu ya mawe yakanyesha kandokando ya mji wa L'Aigle. Kijana Jean-Baptiste Biot akatumwa huko. Alikwenda kijiji hadi kijiji akiwahoji watu ambao hawakufahamiana, akaweka kwenye ramani kila mahali jiwe lilipookotwa, akalinganisha mawe hayo na miamba ya eneo lile. Ripoti yake karibu iliumaliza ubishi.

Kisa hiki hutajwa sana na wanaosema wanasayansi ni wakaidi, na ukaidi kweli ulikuwapo. Lakini Biot hakuomba sheria mpya za maumbile. Alichohitaji ni ushahidi unaoweza kushikwa na mtu mwingine.

Tufe la radi lilipita njia hiyo hiyo kwa taabu zaidi. Kwa karne nyingi watu walisimulia juu ya mpira wa mwanga unaoelea wakati wa dhoruba, pengine hata ndani ya nyumba, kisha unatoweka. Mwaka 1963 mtaalamu wa Uingereza, R. C. Jennison, aliuona yeye mwenyewe ndani ya ndege, ukielea katikati ya safu za viti. Ulibaki kuwa simulizi, japo ya mtu makini. Ndipo Julai 2012, kwenye uwanda wa juu wa Qinghai, China, watafiti waliokuwa wakirekodi radi za kawaida wakaunasa kwa bahati kwenye kamera yenye kifaa cha kuutawanya mwanga katika rangi zake. Ulidumu chini ya sekunde mbili. Rangi zile zilibeba alama za silikoni, chuma na kalisi, elementi zilizomo kwenye udongo ambao radi ilikuwa imeupiga. Maelezo kamili hayajapatikana bado, ila sasa kuna namba za kubishania.

Habari za vitu visivyotambulika angani zimesimama hapo tufe la radi lilipokuwa kabla ya 2012. Jopo la NASA, shirika la anga la Marekani, lililotoa ripoti Septemba 2023 halikuwakejeli mashahidi. Lilisema data nyingi ni duni mno kuweza kuamua lolote, na kwamba vinahitajika vipimo vilivyosawazishwa vizuri. Naona hilo ni jibu la haki, ingawa haliwaridhishi wanaotaka habari kubwa leo leo.

Mlango huo huo ndio wa kutokea pia. Mwaka 1903 René Blondlot, mwanafizikia aliyeheshimika wa mji wa Nancy, alitangaza aina mpya ya miale aliyoipa jina N kwa heshima ya mji wake. Ilionekana kwa kuangalia cheche hafifu gizani ikiongezeka mwanga kidogo. Makumi ya wanasayansi wengine wakasema wameiona. Mwaka 1904 mwanafizikia Mmarekani Robert Wood alikwenda kwenye maabara ile. Blondlot alikuwa akisoma mahali miale inapoangukia baada ya kupindishwa na kipande cha alumini. Katika giza lile, Wood alikiondoa kipande bila kumwambia mtu. Blondlot akaendelea kusoma namba zile zile. Hakuwa mwongo, aliiona kweli kweli, na hapo ndipo penye somo la kutisha kwa yeyote anayeyaamini macho yake tu. Miale N ilikuwa na kila sifa ya kupokelewa: jina la profesa mkubwa, vifaa, makala kwenye majarida. Ilitolewa kwa sababu haikustahimili kuchunguzwa na mtu ambaye hakuitazamia.

Wapo wanaosema fizikia haijawahi kujaribu kuchunguza nguvu za akili. Si kweli. Kati ya 1979 na 2007 mhandisi Robert Jahn aliendesha maabara katika Chuo Kikuu cha Princeton, ambako watu walijaribu kuzielekeza kwa mawazo mashine zinazotoa namba za bahati nasibu. Aliripoti tofauti ndogo sana. Mwaka 2000 maabara tatu, yake ikiwa mojawapo, zilichapisha matokeo ya kulirudia jaribio, na tofauti iliyotarajiwa haikujitokeza.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Hans Berger. Akiwa kijana jeshini, Ujerumani, miaka ya 1890, alirushwa na farasi akaangukia karibu na magurudumu ya mzinga uliokuwa ukikokotwa, akaponea chupuchupu. Siku hiyo hiyo ikafika simu ya maandishi kutoka kwa baba yake ikimuulizia hali. Dada yake, aliyekuwa mbali, alishikwa na hofu kwamba kaka yake amepatwa na baya, akamsihi baba atume. Berger aliamini ubongo wake ulirusha kitu, na maisha yake yakageukia kukitafuta. Mwaka 1924 alifanikiwa kurekodi umeme wa ubongo wa mwanadamu, akachapisha matokeo mwaka 1929: mawimbi kama kumi kwa sekunde, yenye nguvu ya makumi tu ya sehemu za milioni za volti. Mawimbi hayo ni dhaifu mno hata kuvuka chumba, seuze kwenda mji mwingine. Alichokitafuta hakukipata. Kifaa chake hospitali zinakitumia hadi leo kuchunguza kifafa.

Nani anayetazama?

Sasa lile dai la fizikia ya kwanta. Linatokana na jaribio halisi. Ukirusha chembe ndogo, tuseme elektroni, moja moja kuelekea ukuta wenye matundu mawili membamba, alama zinazojikusanya upande wa pili huunda mistari, kana kwamba kila chembe ilisafiri kama wimbi lililopita kote kuwili. Ukiweka kifaa cha kujua imepita tundu lipi, mistari hutoweka. Vitabu husema “kutazama” kumebadilisha matokeo, na neno hilo limeleta balaa lote. Msomaji analisikia “kutazama” akaona jicho, kisha nyuma ya jicho akaona akili.

Jaribio lililofanywa Vienna mwaka 2004 linaonyesha kosa liko wapi. Watafiti walitumia molekuli kubwa zenye atomu 70 za kaboni, ambazo nazo huunda mistari ile. Wakazipasha moto kwa leza kabla hazijafika kwenye matundu. Molekuli yenye joto kali hutoa mwanga, kama chuma kilichotoka tanuruni, na mwanga huo hubeba habari za mahali molekuli ilipo. Kadiri joto lilivyopanda ndivyo mistari ilivyofifia hadi ikapotea. Mwanga ule hakuna aliyeuangalia. Habari kuvuja tu kwenye mazingira kulitosha. “Mtazamaji” wa fizikia ya kwanta anaweza kuwa kipande cha chuma, hewa au ukuta.

Ni kweli kwamba mwanafizikia mkubwa, Eugene Wigner, aliwahi kuandika mwaka 1961 kwamba huenda fahamu ndiyo inayolikamilisha tukio la kwanta. Baadaye aliachana na wazo hilo. Video nyingi humnukuu Wigner wa kwanza na kumsahau wa pili.

Nishati na mitetemo nitavitaja kwa ufupi. Katika fizikia nishati ni kiasi chenye kipimo, kinachohama kutoka umbo moja hadi jingine bila kupotea. Mtetemo una idadi yake kwa sekunde. Anayekwambia una “nishati mbaya”, muulize ni jouli (kipimo cha nishati) ngapi na imetoka wapi. Huenda anasema jambo la kweli kuhusu hali ya moyo wako, ila neno ameliazima.

Kilichowekwa kando kwa makusudi

Mwaka 1623 Galileo, mwanasayansi wa Italia, aliandika mfano wa unyoya. Ukiupitisha chini ya pua ya mtu, utamtekenya. Je, mtekenyo umo ndani ya unyoya? Haumo, alisema. Unyoya una umbo na mwendo, mtekenyo uko kwa mwenye pua. Akaenda mbele zaidi: ladha, harufu na rangi navyo ni hivyo hivyo. Mwenye kuhisi akiondolewa, vinabaki umbo, ukubwa, idadi na mwendo, na hivyo vinaandikika kwa hesabu.

Hapo ndipo kusikia kulipotengwa na kupima. Haikuwa dharau, ulikuwa uamuzi wa kikazi, na umezaa karne nne za mafanikio. Joto likawa mwendo wa chembe. Sauti ikawa mtikisiko wa hewa. Rangi ikawa urefu wa wimbi. Kila mara upande wa kusikia ulisukumwa ndani ya kichwa cha mwanadamu, tutaushughulikia baadaye. Baadaye imefika. Kichwa ndicho mahali pa mwisho, na hakuna pengine pa kuusukumia. Mwanafalsafa David Chalmers alilipa jina katika miaka ya 1990: tatizo gumu la fahamu. Unaweza kueleza kila seli ya neva inavyowasha jirani yake hadi mkono ukatoka kwenye barafu, na bado mtu akauliza kwa haki: lakini kwa nini yote hayo yanasikika?

Wengine hujibu kwamba hakuna cha kuongeza. Uhai nao ulidhaniwa kuhitaji nguvu ya pekee, hadi kemia ya seli ilipoeleweka na swali likayeyuka. Wengine husema fahamu iongezwe kwenye orodha ya mambo ya msingi. Si ajabu kama inavyosikika. Katika karne ya 19 watu walihangaika kuueleza umeme kama mashine ya magurudumu yasiyoonekana, na mwishowe ikakubalika kwamba uga wa umeme na sumaku, yaani hali ya nguvu iliyoenea hewani na hata mahali patupu, ni jambo la msingi linalosimama lenyewe. Fizikia ilipanuka kweli. Na wapo wa njia ya tatu, mwanaastronomia Arthur Eddington akiwa mmoja wao: fizikia inatuambia elektroni inafanya nini, haituambii ni nini kwa undani wake, kwa hiyo pengine undani huo una uhusiano na kile tunachokijua kwa kukisikia.

Njia ya pili inanivutia, lakini naiona ina deni. Uga wa umeme ulipata nafasi yake kwa kubashiri mambo ambayo bila huo yasingebashirika, mawimbi ya redio yakiwamo. Fahamu ikiwa jambo la msingi, inabashiri nini? Kama haisukumi chochote, itajulikanaje kwamba ipo kwa wengine? Kama inasukuma, basi ndani ya ubongo chembe zingeacha njia ambayo sheria tunazozijua zinaitaja, na hilo linapimika. Swali hili si jipya. Binti mfalme Elisabeth wa Bohemia alimuuliza mwanafalsafa Descartes mwaka 1643 namna roho isiyo na umbo inavyoweza kuusukuma mwili, na majibu aliyoyapata hayakumtosheleza.

Roger Penrose, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2020 kwa kazi ya mashimo meusi, ni mmoja wa wachache waliolikubali deni hilo. Yeye na daktari wa nusukaputi, Stuart Hameroff, walipendekeza kwamba fahamu inatokana na matukio ya kwanta kwenye vijibomba vidogo sana ndani ya seli za neva. Mwaka 2000 mwanafizikia Max Tegmark alikokotoa kwamba ndani ya ubongo wenye joto na unyevu, hali za kwanta zingevurugika mapema mno, katika muda mfupi mara mabilioni kuliko ule ambao seli huhitaji kupeleka ujumbe wake. Hameroff na wenzake wakaipinga hesabu hiyo. Sijashawishika na nadharia yao, lakini naiheshimu kuliko video elfu za mitetemo, kwa sababu imejianika pale inapoweza kupigwa.

Kupima kwenyewe, wakati huo huo, kunaukaribia upande wa pili. Kundi la Milan lilionyesha mwaka 2013 njia ya kuupiga ubongo pigo moja la sumaku kupitia fuvu na kurekodi mwangwi wake kwa kifaa kilichotokana na kile cha Berger, kama mtu anavyogonga ukuta kujua kama una uwazi ndani. Mwangwi hubanwa kama kompyuta inavyobana faili. Kwa mtu aliye macho ni tata na haubaniki sana. Kwa aliye kwenye usingizi mzito au nusukaputi ni wa aina moja, unabanika kirahisi. Wapo wagonjwa wasioweza kusema wala kusogeza kidole, na kwao namba hii inaweza kuwa sauti pekee iliyobaki.

Namba hiyo haisemi kwa nini kuna kusikia. Mwaka 1998 mtafiti wa ubongo Christof Koch aliwekeana dau na Chalmers kwamba ndani ya miaka 25 alama ya fahamu kwenye seli za neva itakuwa imejulikana wazi. Juni 2023, jijini New York, Koch alikiri mbele ya watu kwamba ameshindwa, akalipa dau lake la mvinyo.

Kama kuna mahali ambapo fizikia inaweza kulazimika kupanuka, mimi ningetazama kwenye zenoni. Ni gesi isiyopenda kuungana na kitu chochote, na bado mtu akiivuta ya kutosha hupoteza fahamu. Zenoni ina aina kadhaa zinazofanana kikemia na kutofautiana kwenye kiini cha atomu. Baadhi ya viini vina spini, yaani vinatenda kama sumaku ndogo mno, na vingine havina. Mwaka 2018 watafiti wa China waliripoti kwamba kwa panya, zenoni yenye spini inalaza kwa shida kuliko isiyo na spini. Kemia ya kawaida haina sababu ya kutofautisha aina hizo. Matokeo hayo yanahitaji kurudiwa na mikono mingine, kwa ukali ule ule aliokwenda nao Wood Nancy. Kipimo walichotumia kilikuwa rahisi: panya analazwa chali, na anayeshindwa kujigeuza anahesabiwa kuwa amelala. Kama alikuwa bado anasikia kitu akiwa chali pale, kipimo hakikuwa na njia ya kujua.